Mkunga Aliyesikiliza Mwezi

Kuna watu wanaoringia nywele, wengine magari, wengine watoto wao waliosoma. Mkunga huyu aliringia masikio. Na tumpe haki yake, yalikuwa masikio ya kuringia. Wodini walimwita Sista Sikio, na hata madaktari vijana waliokuja wamevimba vichwa kwa vyeti vyao walijifunza upesi kukaa kando pale anapoinama juu ya tumbo la mama mjamzito na fetoskopu yake, kile kifaneli cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni. Alikuwa anafumba jicho moja, anashika mkono wa mama penye mshipa ili asichanganye mapigo ya mama na ya mwana, na dakika ikiisha anataja namba. Hospitali ilikuwa na mashine ya kazi hiyo, moja tu, iliyokaa chumba cha kujifungulia. Yeye aliiita redio ya wavivu.

Alikuwa na haki ya kuzitania redio, maana alizijua kuliko fundi yeyote mtaani. Baba yake alikuwa karani wa simu za maandishi katika stesheni ya reli, na alimfundisha zile herufi za vidoti na vistari kwa kugonga kijiko mezani wakati wa kula, mpaka mama yake akapiga marufuku vijiko, watu wakala kwa mkono. Alipokuwa mtu mzima akachukua leseni ya redio ya ridhaa, redio ya watu wanaoongea na walimwengu kwa mapenzi tu. Na katika ridhaa hiyo akachagua wazimu mkubwa kuliko wote: kuurushia mwezi mawimbi na kuyasikiliza yakirudi.

Usicheke, inawezekana. Mwezi ni jiwe tu, lakini ukiupiga kwa mawimbi yenye nguvu, chembe ya mawimbi hayo hudunda na kurudi duniani, na mtu aliye nchi ya mbali anayeuona mwezi huohuo saa hiyohiyo anaweza kuidaka. Wewe mwenyewe uliyerusha waweza kuidaka pia. Safari ya kwenda na kurudi huchukua sekunde mbili na nusu. Kinachorudi ni mlio mwembamba sana, umezama ndani ya mvumo kama wa mvua juu ya bati, na lazima uuchomoe humo kwa sikio. Siku hizi wengi wameiachia kompyuta ndiyo isikilize. Mkunga alikataa katakata. Alisema kama ni kompyuta kuzungumza na kompyuta, basi yeye aende zake jikoni.

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno mengi na penseli moja, ambayo ilikaa nyuma ya sikio lake hata kanisani. Ndiye aliyemjengea dishi nyuma ya nyumba: mbavu za mbao, wavu wa banda la kuku, na gurudumu la mkono la kulizungushia. Lilikuwa kubwa kuliko chumba chao cha kulala, na seremala hakuchoka kumkumbusha. Majirani walipouliza kinachofanyika pale uani alijibu, "Mke wangu anaukaanga mwezi. Ukiiva nitawaiteni."

Sasa, mambo yalianza kuharibika kama miezi miwili kabla ya Jumanne ninayotaka kuisimulia. Mwangwi wa mwezi ulipungua. Siku moja ulikuwepo ila kwa mbali, siku nyingine haupo kabisa. Mkunga akalaumu waya, akazibadilisha. Akasafisha viunganishi kwa spiriti. Akampandisha seremala ngazini mara nne kukaza wavu, na mara ya nne seremala akaapa kwamba atakayepanda tena ni mwezi wenyewe. Baada ya hangaiko lote hilo, mwangwi ukarudi. Mkunga alibonyeza ufunguo wake wa kugongea vidoti na vistari mara mbili tatu, akaacha, akasubiri, na palepale ulipotakiwa kuwapo akausikia. Alifurahi kama mtoto. Akarudi wodini kifua mbele.

Jumanne hiyo alikuwa zamu ya kupumzika. Saa tatu asubuhi, chai mkononi, akafungua barua pepe kutoka kwa rafiki yake mmoja wa redio wa nchi za baridi, nahodha mstaafu ambaye nyumbani kwa mkunga walimwita Babu Theluji. Jumapili walikuwa wamezungumza kupitia mwezini, na mkunga alikuwa bado anatembea na furaha ya mazungumzo hayo.

Wanaredio wa mwezi wana sheria yao moja ambayo ni kama ibada. Kwanza mnabadilishana majina ya vituo. Kisha mmoja anatuma alama kumwambia mwenzake jinsi anavyosikika, na yule hawezi kujibu "nimepokea" mpaka awe ameidaka alama hiyo kwa sikio lake mwenyewe. Kubahatisha hakuruhusiwi, kujazia pengo kwa unachokijua hakuruhusiwi. Anayefanya hivyo anaonekana mwizi, ingawa hakuna alichoiba.

Babu Theluji aliandika kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi. Alisema Jumapili, walipofika kwenye alama, mtambo wake ulipata hitilafu, kwa hiyo hakutuma alama yoyote. Alichotuma, dakika nne mfululizo, ni neno moja: subiri, subiri, subiri. "Dada," aliandika, "wewe ukajibu kwamba umepokea. Ulithibitisha kupokea kitu ambacho sikukituma. Najua wewe si mtu wa hila. Ndiyo maana nina wasiwasi. Je, u mzima?"

Mkunga akasoma mara tatu. Kwanza alikasirika. Akamwita mzee wa watu mzushi, akamsingizia uzee na baridi. Kisha hasira ikamtoka yote kwa mkupuo, pakabaki kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa hofu. Alikumbuka Jumapili vizuri. Alikuwa ameisikia ile alama. Aliisikia kabisa, angeweza kula kiapo.

Akatoka uani. Mwezi ulikuwa bado juu upande wa magharibi, nusu mzima, umepauka kwenye anga la mchana. Seremala alikuwa anapiga randa ubao wa mlango.

"Baba watoto, acha hiyo kazi. Nataka unisaidie jambo na usiniulize."

"Mimi kupanda ngazi nilishaapa."

"Hupandi. Shika gurudumu. Mimi nitakuwa ndani, dirisha nimefunga, sikuoni. Nitarusha mara kumi. Kabla ya kila mara, wewe uamue mwenyewe: ama ulielekeze dishi mwezini, ama uligeuze litazame pengine, hewani tupu. Andika ulichofanya. Usiniambie."

Seremala akamtazama. Alikuwa na mzaha mdomoni, akaumeza. "Nikishaliweka nigonge ukuta?"

"Gonga kwa nyundo. Kwa nguvu."

Wakafanya hivyo. Chumba cha redio kilikuwa kibanda cha kuwekea mbao zamani, na bado kilinuka gundi. Mkunga akavaa vipokea sauti, akaweka daftari mbele yake, na kila alipohisi nyundo ikitikisa ukuta alibonyeza ufunguo: ti, ti, ti. Anaachia. Moja, mbili, na nusu. Anasikiliza. Aliomba Mungu huku akisikiliza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya mwezi. Mara ya kwanza akausikia, akashusha pumzi. Mara ya pili akausikia. Ya tatu hapana. Ya nne ndiyo. Alipomaliza zote kumi alikuwa amesikia mwangwi mara nane, waziwazi, na jasho jembamba lilikuwa limemtiririka mpaka kiunoni.

Seremala akaingia na kipande cha ubao alichoandika kwa penseli yake. Akakiweka kando ya daftari. Wote wawili wakainama. Mwezini, dishi lilielekezwa mara tatu tu. Mara saba lilikuwa linatazama hewa tupu.

"Kumbe hata hewa tupu inakujibu," alisema seremala, kisha akajuta kusema.

"Na hii ya tatu?" mkunga aliuliza. Akaigusa kwa kidole. "Ambayo sikusikia kitu?"

"Hiyo lilikuwa mwezini."

Bado hakukubali. Binadamu ni mgumu. Akamwambia seremala alirudishe dishi mwezini sawasawa, kisha akamkalisha kwenye kiti chake na kumvisha vipokea sauti. Huyu ni mtu aliyeishi na msumeno wa umeme miaka thelathini, mtu ambaye mkewe alikuwa akimcheka kwa uziwi. Mkunga akabonyeza ufunguo: ti, ti, ti. Akaachia. Seremala alikuwa ametazama dari, amekunja uso. Na baada ya muda uleule, sekunde mbili na nusu, kichwa chake kikatikisika taratibu, mara tatu.

"Si hii hapa?" alisema. "Kamlio kama ka mbu. Ndiyo hii unayoitafuta siku zote?"

Mkunga akarudia. Kichwa cha seremala kikatikisika tena. Akamvua vipokea sauti, akavaa yeye, akabonyeza. Mvumo tu. Mvua juu ya bati, basi. Na sasa kwa kuwa alijua, hata ule mwangwi wake wa kujitungia ulikuwa umekimbia.

Akavua vipokea sauti. Hakuwa anafikiria redio tena. Alikuwa anafikiria jana.

Jana, Jumatatu, mkwewe alikuja kliniki. Ni mke wa mwanawe mkubwa, dereva wa malori aliyekuwa safarini, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane na ushee. Alisema mtoto hachezi kama kawaida, tangu juzi ametulia mno. Mkunga alimlaza, akafumba jicho moja, akaweka fetoskopu mahali pake. Akahesabu dakika nzima. "Mia moja arobaini," alisema. "Anadunda kama saa. Amelala tu, mvivu kama babu yake." Mkwe akacheka kwa nafuu, akamshukuru, akaenda zake nyumbani. Na mkunga aliusikia moyo ule. Aliusikia vilevile alivyousikia mwezi kwenye hewa tupu.

"Washa gari," alimwambia mumewe.

"Tunakwenda wapi?"

"Washa gari, baba watoto, nakuomba."

Pikapu ya seremala ilikuwa na milango sita ya mteja nyuma, haijafungwa kamba. Ilikwenda hivyohivyo, ikigongana kila kona. Mkwe aliishi mitaa miwili mbele. Walimkuta kibarazani anakunja nguo ndogo za mtoto, na mkunga alipoziona nguo zile akashika nguzo.

"Mama! Mbona na aproni? Kuna nini?"

"Mtoto amecheza leo?"

Mkwe akaacha kukunja. "Si jana umesema amelala?"

"Nakuuliza, mwanangu. Amecheza?"

"Nilidhani... asubuhi kidogo. Sijui. Kwa kuwa ulisema yuko sawa, sikuhesabu."

Neno hilo, *kwa kuwa ulisema*, mkunga aliingia nalo garini na kukaa nalo mpaka hospitali. Mkwe alikaa katikati yao amekumbatia tumbo. Mara mbili aliuliza kuna nini, na mara zote mbili mkunga akasema tunakwenda kupima tu, kwa ile sauti laini ya wodini ambayo alishawatulizia maelfu. Aliichukia sauti hiyo siku ile. Seremala, ambaye kwa kawaida hunyamaza akiwa amelala tu, aliiachia honi iseme njia nzima.

Chumba cha kujifungulia kilikuwa na mama mmoja anayesubiri na muuguzi mmoja anayeandika. Zamuni alikuwa mkunga mwenzake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hodari, aliyemwita mkubwa wake "dada" na kumwogopa kidogo.

"Leta mashine," alisema mkunga.

"Ile redio ya wavivu, dada?"

"Ilete."

Mashine ikaletwa. Betri ilikuwa imekufa. Nani aliyeiacha bila kuchajiwa, hiyo ni hadithi ya kila siku ya hospitali zote duniani na sina haja ya kuisimulia. Waya wa kuchajia ukaanza kutafutwa, droo zikafunguliwa na kufungwa, na mkunga akahisi dakika zikimponyoka. Akatoa fetoskopu yake mfukoni, na badala ya kuinama akampa mwenzake.

"Sikiliza wewe."

Mwenzake akashangaa. "Mimi? Mbele yako?"

"Sikiliza, kisha nigongee."

Wakunga wana desturi hiyo: anayesikiliza humgongea mwenzake kwa kidole kila pigo analolisikia, na mwenzake hushika saa. Kwa njia hiyo mmoja anasikiliza na mwingine anahesabu. Mkunga alikuwa amewagongea wanafunzi wengi. Kugongewa ilikuwa mara yake ya kwanza tangu akiwa mwanafunzi. Akanyoosha mkono wake, kiganja juu, kando ya tumbo la mkwewe, na mkono wa pili akageuza saa yake.

Mwenzake akainama. Kidole chake kilikuwa juu ya kiganja, hakigusi. Akahamisha fetoskopu kidogo kushoto. Kidole bado kimening'inia. Akahamisha tena, chini ya kitovu. Mkwe alikuwa anamtazama mama mkwe wake usoni, machoni kabisa, naye mkunga akawa hana pa kuyaweka macho yake. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani, wala alipomzaa mwanawe wa kwanza akitoka damu, wala siku ya kumzika baba yake. Aliogopa mpaka ulimi ukawa na ladha ya chuma.

Kidole kikagusa kiganja.

Kikagusa tena. Kikasita kwa muda mrefu, kikagusa. Mkunga akatazama saa na kuhesabu, midomo ikimchezacheza. Hakuhitaji dakika nzima. Mtoto alikuwa hai, lakini mapigo yalikuwa yanakwenda themanini na kitu, kisha sabini, na yanarukaruka.

"Mwite daktari," alisema. "Chumba cha upasuaji, sasa hivi."

Yaliyofuata yalikwenda mbio na kwa utaratibu, na katika hayo yeye alikuwa wa kusukuma kitanda tu. Mlango ukafungwa mbele yake. Akasimama koridoni na seremala. Seremala alikuwa ameitoa penseli sikioni na alikuwa anaivunja vipande vidogovidogo bila kujua. Baadaye, si muda mrefu ingawa kwao ulikuwa mrefu, mwenzake akatoka akiwa na barakoa shingoni na macho mekundu, akasema ni msichana, mdogo, amechoka, kamba ya kitovu ilikuwa imembana, lakini analia. "Si mnamsikia?" alisema. Seremala akaangua kilio palepale kama mtu aliyefiwa. Mkunga hakumsikia mtoto, kwa hiyo alimtazama mumewe akilia, na kutokana na kilio hicho akaamini.

Jioni alipoingia kumwona mkwewe alimkuta amelala chali, uso umemparara, macho yako wazi. Mkunga akavuta kiti.

"Jana sikusikia kitu, mwanangu," alisema. "Nilikuambia mia moja arobaini. Sikusikia. Masikio yangu yamekufa kwa sauti ndogo na mimi sikujua, nilikuwa nasikia ninachokitarajia. Nusura nikuulie mtoto."

Mkunga alisubiri matusi, na alikuwa tayari kuyapokea. Angefarijika kuyapata. Lakini mkwe alikuwa na akili iliyotulia, na akauliza swali ambalo mkunga, kwa hofu ya siku nzima, alikuwa hajapata nafasi ya kujiuliza.

"Na wale wengine, mama?"

"Wengine wapi?"

"Jana foleni ilikuwa mpaka getini. Wote si umewasikiliza wewe?"

Mkunga akainuka. Hakuaga. Alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya metroni, mkuu wa wauguzi, mwanamke aliyefanya naye kazi miaka ishirini, akamwambia kila kitu akiwa amesimama. Metroni akavua miwani, akaivaa tena. Akasema jambo la kwanza ni kutulia, kwamba labda waseme kuna mashine mpya, akina mama waitwe waje kuijaribu, hakuna haja ya kuchafua jina la mtu mwenye rekodi kama yake.

"Waambie mkunga hakusikia," alisema mkunga. "Wakiambiwa mashine mpya watakuja kesho, wengine wiki ijayo. Wakiambiwa mkunga hakusikia watakuja sasa hivi."

Metroni akamtazama. Kisha akafungua rejista ya kliniki ya miezi miwili. Ukurasa baada ya ukurasa, kwenye safu ya mapigo ya moyo, palikuwa na mwandiko mmoja mzuri uliolala upande: mia moja arobaini, mia moja thelathini na sita, mia moja arobaini na mbili. Hapakuwa na namba hata moja mbaya. Wakaanzia ukurasa wa mwisho, wa jana, jina la juu kabisa. Mama huyo alikuwa na mimba ya kwanza. Mkunga alimkumbuka, alivaa viatu vya kijani na aliogopa kulala kitandani.

Metroni akapiga namba, akaweka simu sikioni. Mkunga akavuta kiti karibu mpaka magoti yao yakagusana, akamkazia macho usoni.

"Vipi?"

"Inaita," alisema metroni.

Mkunga akasubiri. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Bado inaita."